Kulala kwenye hoteli kubwa ya kihistoria Posta, Dar es Salaam: kuanzia kuweka nafasi hadi kulipa bili

Kabla ya kulipia chochote, jua unanunua nini. Hoteli kubwa za zamani za Posta, katikati ya Dar es Salaam, zimebomolewa na kujengwa upya, au zimefumuliwa ndani zikabaki nguzo. Cha kale kilichobaki ni kiwanja, jina, na upande ambao madirisha yanatazama. Anayechagua chumba kwa bei peke yake atapata chumba kizuri ambacho angekipata hata Mikocheni, nje ya katikati ya jiji, na historia yote aliyoifuata itabaki nyuma ya pazia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu chumba chenyewe: kiko upande gani, ghorofa ya ngapi, na ufike saa ngapi.

Ipi ina historia gani

Kilimanjaro, ambayo leo inaitwa Hyatt Regency, ilifunguliwa mwaka 1965 pale Kivukoni, miaka minne tu baada ya Uhuru. Ilijengwa ili taifa changa liwe na mahali pa kuwapokea wakubwa wa dunia. Baadaye ilifungwa, ikakarabatiwa upya, ikarudi katikati ya miaka ya 2000 chini ya kampuni ya hoteli ya Kempinski kabla ya kuingia mikononi mwa Hyatt. Ndani karibu kila kitu ni kipya, lakini mbele yake kuna kitu ambacho hakuna mkarabati aliyeweza kukibadilisha: bandari, na mlango mwembamba wa maji ambao meli hupita karibu kabisa na nchi kavu.

New Africa, mtaa wa Azikiwe, ndiyo yenye kiwanja chenye historia ndefu zaidi. Wajerumani walijenga hapo hoteli ya Kaiserhof mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawa New Africa. Miaka ya 1960 na 1970, Dar ilipokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), baraza la hoteli hiyo lilikuwa kijiwe cha wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, mabalozi, waandishi wa habari, na watu waliokuja kusikiliza wengine wanasema nini. Jengo lile halipo tena. Ghorofa unaloliona sasa ni la kisasa, na ukienda ukitegemea kulikuta baraza lenyewe utavunjika moyo.

Serena, mtaa wa Ohio, ni changa kuliko hizo. Ilifunguliwa mwaka 1995 ikiwa Sheraton, ikapitia majina kadhaa, na bustani yake inaelekea viwanja vya gofu vya Gymkhana. Historia yake ni fupi, ila ndiyo yenye utulivu na miti mingi zaidi kati ya hizi tatu, na kwa familia yenye watoto wadogo hilo lina uzito.

Kama una usiku mmoja tu na unataka kuhisi uko Dar es Salaam, chukua inayotazama maji. Hapa hatuna mashaka. Ukiwa na usiku mbili na unapenda kutembea mitaani kwa miguu, eneo la mnara wa Askari, ilipo New Africa, litakufaa zaidi.

Kuweka nafasi

Hoteli za Posta huishi kwa wageni wa mikutano na wa serikali. Vyumba hujaa Jumatatu hadi Alhamisi, na bei hushuka Ijumaa hadi Jumapili. Kwa fungate, kumbukumbu ya ndoa au mapumziko tu, ingia Ijumaa au Jumamosi. Epuka mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai wakati wa Maonesho ya biashara ya Sabasaba: vyumba vinakuwa haba, na hata ukikipata, huduma inakuwa ya haraka haraka.

Angalia bei kwenye mtandao wa kuweka nafasi, kisha piga simu hotelini uulize mambo manne. Je, kuna bei ya wakazi? Kodi imo ndani? Kifungua kinywa ni cha watu wangapi? Na mwisho wa kughairi bila kukatwa ni lini? Hoteli nyingi nchini zina bei ya wakazi ambayo haionekani kwenye mitandao ya nje, na haitajwi usipoiuliza. Siku ya kufika utatakiwa kuonyesha kitambulisho cha taifa (NIDA) au kibali cha ukazi, kwa hiyo usiiombe kwa niaba ya mgeni anayekuja na viza ya utalii.

Suala la kodi ndilo linaloumiza wengi. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Ukiambiwa chumba ni shilingi 500,000 "bila kodi", utalipa 590,000 kwa usiku, na kwa usiku mbili tofauti imeshafika 180,000. Uliza moja kwa moja: "Nitalipa jumla ngapi mlangoni, kila kitu ndani?" Waandikie baruapepe ili jibu liwe kwenye maandishi. Tangu Machi 2025 kanuni za Benki Kuu zinataka bidhaa na huduma za ndani zitangazwe na kulipwa kwa shilingi. Kama tovuti ya nje imekuonyesha dola, iombe hoteli ikuthibitishie kiasi cha shilingi kabla hujafika.

Tarehe nayo ina mtego wake. Ndege nyingi hutua Dar usiku wa manane. Ukitua saa nane usiku tarehe 15, usiku unaouhitaji ni wa tarehe 14. Ukiandika 15, utafika mapokezi saa tisa usiku uambiwe chumba chako kinaanza saa nane mchana, na hapo ama ulipie usiku wa ziada kwa bei ya siku hiyo au ukae kwenye makochi. Ukishaweka nafasi ya tarehe 14, waandikie kwamba utafika alfajiri, la sivyo ikifika saa sita usiku wanaweza kukuhesabu kuwa hukutokea na chumba kikapewa mwingine.

Kuomba chumba chenye madirisha sahihi

Nafasi ikishathibitishwa, siku mbili tatu kabla ya safari tuma ujumbe mfupi wa maombi ya chumba. Mgawo wa vyumba kwa kawaida hupangwa siku moja kabla au asubuhi ya siku yenyewe. Ukiomba mapema sana ombi linasahaulika, na ukiomba mbele ya kaunta unapewa kilichobaki. Andika mambo matatu tu: ghorofa ya juu, upande wa bandari, mbali na lifti. Ukiorodhesha kumi, hakuna litakalotimizwa. Kama unataka kitanda kimoja kikubwa, hakikisha hilo lilishaandikwa kwenye nafasi yenyewe, maana vitanda viwili vilivyosukumwa pamoja hufunguka katikati usiku.

Sasa jua na upepo. Katikati ya jiji iko kaskazini mwa bandari, kwa hiyo vyumba vya upande wa maji hutazama kusini na kusini-mashariki kwa jumla. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kuanzia wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la mchana hupita upande wa kusini, na linapiga madirisha hayohayo ya bandari. Miezi mingine hupita kaskazini, na vyumba vya bandari vinabaki kwenye kivuli kuanzia saa za katikati ya asubuhi. Ukija Januari, panga kuwa nje ya chumba au nyuma ya pazia zito kuanzia saa nne hadi saa tisa. Ukija Julai au Agosti, upepo wa kusi unatoka upande huohuo wa kusini, hali ya hewa ni ya ubaridi kidogo, na roshani inakalika mchana kutwa. Kwa maoni yetu hakuna miezi mizuri kuliko hiyo ya kukaa hoteli ya Kivukoni, mradi usigongane na Sabasaba.

Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka. Mvua yenyewe haitakusumbua ndani ya hoteli. Kinachosumbua ni barabara: mvua ya saa mbili inaweza kuigeuza safari ya dakika 40 kuwa ya saa mbili na nusu.

Wenye usingizi mwepesi wajue sauti za eneo hili. Kuna adhana ya alfajiri kutoka misikiti ya katikati ya mji, kengele za kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na honi za meli na za pantoni ya Kigamboni. Kwa wengine sauti hizo ndizo hasa walizozifuata. Kwa asiyezitaka, upande wa nyuma, ghorofa za juu, ndio ulio kimya zaidi, ila hataona maji.

Kufika

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi Posta ni takriban kilomita 12 kwa Barabara ya Nyerere. Usiku wa manane ni dakika 25. Saa kumi na moja jioni usijipangie muda mfupi kuliko saa moja na nusu. Gari la hoteli ni ghali kuliko teksi za kuita kwa programu ya simu, mara nyingi kwa tofauti kubwa. Lina maana ukitua usiku sana na mizigo mingi, au kama liko ndani ya bei ya chumba.

Wanaotoka mikoani kwa basi wakishukia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, wanaweza kuchukua mwendokasi hadi mwisho wa njia, Kivukoni, ambako hoteli za ufukweni ziko umbali wa kutembea. Usifanye hivyo ukiwa na sanduku kubwa saa za kwenda au kutoka kazini, kwani mabasi hujaa hadi mlangoni. Wanaotoka Zanzibar kwa boti hushuka Barabara ya Sokoine, karibu kabisa. Wapagazi wa bandarini watashika sanduku lako kabla hujatamka neno, hivyo taja bei kwanza au lishike mwenyewe.

Mlangoni kuna ukaguzi: gari linapitishwa, mizigo inapita kwenye mashine. Usichukie, ni utaratibu wa kila mtu, waziri na bwana harusi. Vaa vizuri kiasi. Hakuna sheria ya suti, lakini malapa na bukta vinafaa bwawani tu, na migahawa ya jioni inaweza kukurudisha.

Mapokezi na pesa ya dhamana

Kuingia rasmi ni saa nane au saa tisa mchana, na kutoka ni kati ya saa tano na saa sita. Ukifika mapema, acha mizigo uende kula au kutembea. Kuuliza kwa upole "Dada, kuna chumba kilichokwisha safishwa upande wa bandari?" mara nyingi kunaleta matokeo. Kununa kwenye makochi hakuharakishi usafi.

Utaombwa kitambulisho au pasipoti, na kadi ya benki. Hapa zingatia. Hoteli haikati pesa papo hapo. Inazuia kiasi fulani kwenye kadi: gharama ya chumba kama hujalipa, pamoja na akiba ya kila usiku kwa ajili ya chakula, vinywaji na dobi. Kwa mwenye kadi ya mkopo, hicho ni kiwango tu kinachopungua. Kwa sisi wengi wenye kadi ya kawaida ya benki, ile pesa inafungwa kwenye akaunti kana kwamba imetumika. Mtu aliyebakiza 400,000 kwa matumizi ya wikiendi anaweza kujikuta na 50,000. Uliza kabla ya kuingiza namba ya siri: "Mnazuia shilingi ngapi, na mtaachia lini?" Kama kiasi hakikufai, omba kuweka dhamana taslimu na upewe stakabadhi yake, au omba chumba kifungwe kwa matumizi ya ziada, yaani kila kinywaji ulipe hapohapo. Wewe na hoteli mtaridhika.

Mashine ya kadi ikikuuliza uchague shilingi au fedha nyingine, chagua shilingi. Akaunti ya shilingi ikilipa kwa dola, benki inabadilisha mara mbili na kila mara inachukua chake.

Dakika kumi za kwanza chumbani

Usifungue sanduku. Ukishatandaza nguo, kuhama chumba kunakuwa kazi na utavumilia kasoro ambayo hukupaswa kuivumilia. Kwanza vuta hewa puani. Harufu ya unyevu au ukungu ina maana chumba kilifungwa muda mrefu bila kiyoyozi, jambo la kawaida kwenye hewa ya bahari, na haiondoki kwa kupulizia marashi. Omba kingine mara moja. Kisha washa kiyoyozi hadi nyuzi 22 na usikilize: mngurumo wa kawaida sawa, lakini tone la maji au mgongano wa chuma utausikia usiku mzima. Fungua bomba la moto bafuni uliache dakika tatu hadi tano, maana mabomba ya majengo marefu hubeba maji kutoka mbali. Yakibaki vuguvugu baada ya hapo, kuna tatizo. Jaribu kufuli la mlango, mnyororo wake, na sefu. Weka namba ya sefu, ifunge ikiwa tupu, ifungue, ndipo uweke vitu. Angalia kama kuna mlango wa kuunganisha na chumba cha jirani. Sauti hupita hapo hata mlango ukiwa umefungwa, na familia yenye watoto upande wa pili utaijua kwa majina.

Kadi ya chumba ndiyo inayowasha umeme kwenye kisanduku cha mlangoni. Ukitoka nayo kiyoyozi kinazima. Omba kadi mbili kama mko wawili.

Roshani na kiyoyozi havipatani, na hili huleta malalamiko mengi yasiyo na kosa la hoteli. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi. Ukiacha mlango wa roshani wazi huku chumba kikiwa baridi, unyevu ule unageuka maji kwenye kioo, ukutani na kwenye marumaru ya sakafu, ambayo inateleza vibaya. Vyumba vingi vina kihisi kinachozima kiyoyozi mlango ukiwa wazi, mgeni akadhani kimeharibika. Ama ufunge na ukae na baridi, ama uzime, ufungue na ufaidi upepo. Kwa sababu hiyohiyo lenzi ya kamera au simu huingiwa na ukungu ukitoka ghafla. Iache robo saa kwenye roshani ndani ya mfuko wake kabla ya kupiga picha.

Kwa anayeswali, jambo hili ni rahisi kuliko miji mingi: Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Dar es Salaam. Kwenye chumba cha bandari, ipe bahari mgongo, usogee kidogo kulingana na jengo lilivyokaa. Omba mkeka wa kuswalia mapokezi, au angalia mshale wa kibla darini au kwenye droo. Mwezi wa Ramadhani uliza mapema kuhusu futari na daku. Bufe ya futari hujaa wageni kutoka nje ya hoteli, hivyo meza iwekwe tangu asubuhi.

Saa za mahali hapa

Hoteli ya bandarini ina vipindi viwili ambavyo vinastahili bei yake, na wageni wengi huvilala vyote viwili. Cha kwanza ni alfajiri, kuanzia saa kumi na mbili kasoro robo hadi saa moja. Wavuvi wanarudi, soko la samaki la Feri linachangamka, pantoni imejaa watu wa Kigamboni, na kama meli kubwa inaingia, itapita ukiwa na kahawa mkononi. Omba kuamshwa kwa simu, na useme "saa kumi na moja na nusu alfajiri" kwa maneno yote. Ukisema "kumi na moja na nusu" peke yake kwa mtu anayeandika kwa tarakimu za Kizungu, unaweza kuamshwa karibu na saa sita mchana.

Cha pili ni machweo. Jua la Dar huzama kuanzia saa kumi na mbili na robo mwezi Mei hadi karibu saa moja kasoro robo mwezi Februari. Ukitaka kiti cha pembeni kwenye baa ya juu, fika dakika 45 kabla. Ijumaa uweke nafasi. Agiza kitu kimoja kisha utulie, hakuna atakayekufukuza.

Jihadhari na kamera. Ikulu iko jirani kabisa, na bandari na pantoni ni maeneo ya usalama. Picha ya familia yenye maji nyuma haina shida. Kuelekeza lenzi ndefu kwenye Ikulu, au kurusha droni bila kibali, kutakuletea askari mlangoni na hoteli haitaweza kukutetea.

Chakula

Kifungua kinywa huanza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, hadi saa nne au nne na nusu. Saa mbili ni wakati mbaya: ndipo wajumbe wa mikutano wote wanashuka. Nenda mapema au baada ya saa tatu na nusu. Anzia kwa mpishi wa mayai, mpe agizo lako na namba ya meza, kisha ndipo uchukue supu, chapati, vitumbua au mihogo. Wengine hujaza sahani kwanza, vitu vikapoa wakiwa foleni ya mayai. Muulize mpishi kipi kimepikwa asubuhi hiyo. Chapati iliyokaa kwenye chombo cha moto tangu alfajiri huwa ngumu, na ukiomba ya kuchomwa upya utapewa.

Vitu vya kwenye friji ndogo chumbani vina bei yake kwenye karatasi. Soma kwanza. Friji nyingine zina kihisi kinachohesabu chupa ikiinuliwa tu, hivyo usihamishe vinywaji vyao ili uweke vyako. Maji ya chupa yaliyowekwa juu ya meza, yenye kadi ya makaribisho, ni ya bure. Yale ya ndani ya friji mara nyingi si ya bure. Maji ya bombani usinywe.

Kutoka kwa miguu

Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kutoka Kivukoni fuata ufuko kuelekea magharibi: Azania Front, kanisa la Kilutheri lililoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1898 na vigae vyake vyekundu, kisha Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Mbele kidogo kwenye Barabara ya Sokoine ni Boma la Kale, la mwaka 1866 na 1867. Simama hapo kwa muda. Sultani Majid wa Zanzibar alilijenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko ili kuwalaza wageni wake, na hiyo ndiyo nyumba ya wageni ya kwanza ya mji huu, kongwe kuliko hoteli zote zilizotajwa hapa. Mlango wake wa kuchonga unatosha kukupotezea nusu saa. Kisha panda Azikiwe hadi mnara wa Askari wa mwaka 1927, sanamu ya shaba yenye bunduki inayoelekea bandarini. Soma maandishi ya chini: yapo ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu pia. Hapo uko hatua chache kutoka kiwanja cha Kaiserhof ya zamani. Rudi kwa Samora upitie Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert.

Mzunguko wote ni saa mbili kwa mwendo wa taratibu. Mkoba uwe upande wa ukuta, mbali na barabara, kwa sababu wanyakuzi hutumia pikipiki. Jumapili mitaa ni mitupu. Picha zitatoka nzuri, lakini nenda mkiwa wawili au zaidi.

Likiharibika jambo

Sema siku hiyohiyo, na umwambie anayeweza kuamua. Mhudumu wa chumba hawezi kukubadilishia chumba. Mapokezi wanaweza kuanza, na wakishindwa, muombe meneja wa zamu, aliyepo saa 24. Eleza tatizo, lilipoanza, na unachotaka: "Kiyoyozi kinavuja tangu saa mbili, naomba chumba kingine leo." Malalamiko yanayotolewa wakati wa kuondoka huzaa pole na pengine juisi, kwa kuwa hakuna tena cha kurekebisha.

Bakshishi si lazima. Kama bili haina tozo ya huduma, 2,000 hadi 5,000 kwa aliyebeba mizigo inatosha, na 5,000 kwa usiku kwa anayesafisha chumba. Iache kila asubuhi juu ya mto, kwani wasafishaji hubadilishana zamu na ya siku ya mwisho inaweza kumfikia asiyekuhudumia.

Kuondoka

Usiku wa mwisho, baada ya chakula, pita mapokezi uombe bili ya awali iliyochapishwa. Asubuhi kuna foleni na dereva anasubiri, watu husaini bila kusoma. Linganisha na stakabadhi ulizosaini: vinywaji vya friji, dobi (huhesabiwa kwa kila nguo, na shati moja la haraka linaweza kupita bei ya mlo wa mtaani), chakula cha chumbani pamoja na tozo yake. Kosa la kawaida ni bili ya meza ya jirani kuingizwa kwenye namba ya chumba chako. Ukiwa na stakabadhi ulizosaini mkononi, linafutwa kwa dakika mbili.

Chukua risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, hata kama umeshapewa ankara nzuri ya karatasi nene. Kama kampuni ndiyo inayolipa, toa jina lake na namba yake ya mlipakodi (TIN) kabla risiti haijatolewa, maana ikishatoka kuibadilisha ni usumbufu. Ndege yako ikiwa ya usiku, mizigo inaweza kubaki stoo ya wapokeaji wageni baada ya kukabidhi chumba. Uliza pia kama unaruhusiwa kutumia bwawa na bafu lake hadi jioni. Kukaa chumbani hadi saa kumi na mbili jioni kwa kawaida hutozwa nusu ya bei ya usiku.

Mwisho, ile pesa iliyozuiwa. Hakikisha mhudumu anatumia kiasi kilichozuiwa kukamilisha malipo. Akikata upya kama muamala mwingine, utaona pesa imetoka mara mbili. Omba karatasi ya kuachia dhamana yenye namba ya idhini. Benki huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kuirudisha kwenye akaunti ya kawaida. Zikipita wiki mbili, nenda na karatasi hiyo benki yako kwanza, kwa kuwa hoteli ikishaachia, ni benki pekee inayoweza kuifungua.